Mtandaoni au Kariakoo: Mwongozo Kamili wa Kulinganisha Bei Kabla ya Kununua

Swali la kama vitu vinauzwa kwa bei nafuu zaidi mtandaoni kuliko dukani huulizwa mara nyingi kana kwamba lina jibu moja kwa watu wote. Mnunuzi anayeishi Ilala, Dar es Salaam, ambaye anafika kwa miguu Kariakoo, eneo kubwa la soko la jiji hilo, na mnunuzi aliyeko Sumbawanga, ambaye duka lake la karibu lilinunua mzigo wake huko huko Kariakoo na kuusafirisha kwa lori, hawawezi kupata jibu lile lile hata kama wote wawili wanatazama tangazo moja kwenye simu. Mwongozo huu unamwonyesha mnunuzi wa Tanzania, na pale inapohusika mnunuzi wa Kenya, jinsi ya kupiga hesabu yake mwenyewe. Bei inayolinganishwa hapa ni ile ya kitu kilichokwisha kufika mkononi, kinachofanya kazi, na ambacho kikiharibika kuna mtu wa kumrudia. Ile iliyoandikwa chini ya picha ni mwanzo tu wa hesabu.

Hatua ya kwanza: fahamu unanunua kwa nani

Neno «mtandaoni» linafunika biashara za namna tatu ambazo bei zake hujengwa kwa njia tofauti kabisa, na anayezichanganya hukosea hesabu tangu mwanzo.

Namna ya kwanza, ambayo ndiyo kubwa zaidi Tanzania, ni ya wauzaji wa Instagram, makundi ya WhatsApp, Facebook na tovuti ya matangazo iitwayo Jiji. Wengi wao hawana ghala wala hata fremu, yaani chumba cha duka. Wanapiga picha bidhaa katika maduka ya Kariakoo, wanaweka bei iliyo juu kidogo ya ile ya dukani, na mteja anapoagiza ndipo wanapokwenda kuichukua na kumkabidhi bodaboda. Kazi hii ni halali na ina manufaa yake, kwa sababu muuzaji amekutafutia, amekuchagulia na amekusafirishia. Hata hivyo ni wazi kwamba bei yake haiwezi kuwa chini ya ile aliyonunulia, na kwa anayeweza kufika Mtaa wa Kongo au Aggrey mwenyewe, sehemu ya fedha anazolipa ni ujira wa mtu huyo wa kati.

Namna ya pili ni masoko yenye mfumo wake wa malipo, usafirishaji na kurudisha bidhaa, ambayo huwakusanya wauzaji wengi mahali pamoja. Nchini Kenya, Jumia na Kilimall zimekuwa zikifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Tanzania, Jumia ilifunga huduma zake Novemba 2019, na tangu hapo sehemu kubwa ya biashara ya mtandaoni imebaki mikononi mwa wauzaji wa namna ya kwanza. Jambo hilo lina athari kwa bei. Pale ambapo wauzaji ishirini wanaonekana kwenye ukurasa mmoja wakiuza pasi ile ile, ushindani huwasukuma kushuka, ilhali pale ambapo kila mmoja ana ukurasa wake na ameandika «bei njoo DM», yaani uulize kwa ujumbe wa faragha, mnunuzi hawezi kulinganisha kwa urahisi, na muuzaji anaweza kumtajia kila mteja bei yake.

Namna ya tatu ni masoko ya nje, kama AliExpress na Amazon, ambayo bei zake za kwenye skrini ndizo zinazovutia kuliko zote na ndizo zilizo mbali zaidi na bei ya mwisho. Nitayarudia katika hatua ya tano.

Katika nchi zenye maduka makubwa ya mnyororo, utafiti umefanyika. Mwanauchumi Alberto Cavallo alichapisha mwaka 2017 matokeo ya kulinganisha bei za kampuni 56 zinazouza dukani na mtandaoni katika nchi 10, na akakuta kwamba bei za pande zote mbili zililingana kwa takriban asilimia 72 ya bidhaa. Matokeo hayo huwashangaza wengi wanaoamini kwamba mtandaoni lazima pawe nafuu. Tuwe waangalifu lakini kuyaleta kwetu moja kwa moja, maana utafiti ule ulihusu kampuni zinazobandika bei moja isiyojadiliwa. Kariakoo, Luthuli Avenue ya Nairobi au Kamukunji, bei ya dukani hupatikana kwa kupatana, kwa hiyo mnunuzi mwenyewe ni sehemu ya bei.

Hatua ya pili: hakikisha unalinganisha kitu kile kile

Makosa mengi ya kulinganisha bei hutokea hapa, hata kabla fedha haijatajwa. Televisheni mbili za inchi 43 zenye nembo moja zinaweza kutofautiana kwa kiasi kikubwa kwa sababu moja inaunganishwa na intaneti na nyingine haiunganishwi. Blenda mbili zinazofanana rangi na umbo zinaweza kuwa na mota za nguvu tofauti, au moja ikawa na jagi la kioo na nyingine la plastiki. Mwombe muuzaji wa mtandaoni akutumie picha ya kibandiko kilicho nyuma au chini ya bidhaa yenyewe, kwa kuwa picha ya tangazo mara nyingi imechukuliwa kwingine. Kwenye kibandiko hicho tafuta mambo matatu: namba ya modeli, nguvu kwa wati, na volti.

Volti inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na hezi 50, kwa hiyo kibandiko kinachosomeka «220–240V 50Hz» kinakufaa, na kilichoandikwa «100–240V», kama inavyokuwa kwenye chaja nyingi za simu na kompyuta, kinakufaa pia. Kifaa cha jikoni kilichoandikwa «120V» kilitengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, na ukikichomeka kwenye soketi ya nyumbani bila transfoma kitaungua. Angalia vilevile plagi. Soketi zetu ni za pini tatu za mraba, na kifaa kilichotengenezwa kwa soko la ndani la China huja na pini bapa, hivyo utahitaji adapta, ambayo nayo inanunuliwa.

Kwa bidhaa zinazouzwa kwa uzito au ujazo, gawanya bei kwa kipimo. Sabuni ya unga ya gramu 900 iliyotangazwa kwa bei ya chini inaweza kuwa ghali kuliko ya kilo moja ukihesabu kwa kila gramu 100. Kwa nyaya za umeme, ulizia kipenyo na ulizia kama ni shaba tupu. Waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu ni mwepesi mkononi, ukikwangua kwa kisu unaona weupe ndani, na bei yake ya chini haina maana yoyote ukishawekwa ukutani na kuanza kupata moto. Kitu kama hicho hakijulikani kwa picha, na ndiyo sababu mimi sishauri mtu kununua nyaya za nyumba mtandaoni hata akiahidiwa nusu ya bei.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya bei ya kufika mkononi

Chukua karatasi uigawe safu mbili, moja ya mtandaoni na moja ya dukani. Kwenye safu ya mtandaoni andika bei iliyotangazwa, kisha nauli ya bodaboda au ada ya usafirishaji, kisha gharama ya kutuma fedha. Gharama hii ya mwisho husahaulika sana. Muuzaji anayepokea kwa namba yake binafsi karibu kila mara atakwambia «weka na ya kutolea», akimaanisha kwamba ada ya yeye kutoa fedha kwa wakala utailipa wewe, juu ya ada ya kutuma. Muuzaji mwenye lipa namba, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo, hana sababu ya kudai ya kutolea, na kwa manunuzi makubwa tofauti hiyo inaonekana.

Kwenye safu ya dukani andika bei utakayoipata baada ya kupatana, nauli ya kwenda na kurudi, na thamani ya muda wako. Watu wengi huona haya kuhesabu muda, lakini fundi cherehani anayefunga mashine yake nusu siku amepoteza fedha halisi.

Tuchukulie mfano wa blenda, kwa tarakimu za kuelekeza hesabu tu. Kwenye ukurasa wa muuzaji imetangazwa kwa shilingi 85,000, bodaboda hadi Tegeta ni 7,000, na ya kutuma na kutolea ni 2,500, kwa hiyo jumla ni 94,500. Kariakoo umeulizia ukaambiwa 85,000 pia, ukaomba, ukapewa kwa 78,000. Nauli ya daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kwa shilingi 600 kila moja, ni 2,400. Jumla ni 80,400, na dukani kumeshinda kwa 14,100. Sasa, kama kipato chako ni 20,000 kwa siku na safari imekula nusu siku, ondoa 10,000, na ushindi unabaki 4,100. Kama ulikuwa unakwenda mjini kwa shughuli nyingine hata hivyo, usiondoe chochote. Kama blenda hiyo ungeinunua pamoja na pasi, jagi la umeme na seti ya sufuria, nauli na muda hugawanyika kwa vitu vinne, na hapo duka linashinda kwa mbali.

Hesabu hii inaonyesha jambo ambalo wafanyabiashara wanalijua vizuri. Muuzaji wa mtandaoni hana kodi ya fremu, hana kilemba alicholipa ili kuipata fremu hiyo, na pengine hana msaidizi wa kumlipa. Angeweza kuuza chini zaidi. Lakini mwenye duka analeta bidhaa elfu moja kwa kontena moja, na gharama ya usafiri kwa kila moja inakuwa ndogo mno, wakati muuzaji wa mtandaoni anasafirisha kipande kimoja kwa pikipiki moja hadi mlango mmoja. Alichookoa kwenye fremu kinaliwa barabarani, kingine kinaliwa na malipo ya matangazo, na kingine na mizigo inayokwenda kwa mteja ikarudi kwa sababu mteja hapokei simu.

Hatua ya nne: ipate bei ya kweli ya dukani

Kulinganisha bei ya mtandaoni na bei ya kwanza uliyotajiwa Kariakoo ni kulionea duka. Bei ya kwanza ni ya kufungulia mazungumzo. Fika asubuhi siku ya kazi, kabla ya msongamano, na uulizie katika maduka yasiyopungua matatu ya mtaa ule ule bila kuonyesha kwamba umeshaamua. Maduka ya bidhaa za namna moja hukaa pamoja, na ushindani wao uko ukutani kwa ukuta, jambo ambalo kwenye intaneti ya kwetu bado halijafikiwa.

Utakutana na mawinga, yaani vijana wanaosimama nje au kando ya njia na kukukaribisha kwa sauti wakuulize unatafuta nini. Winga anaweza kukusaidia sana ukiwa mgeni, maana anajua ghorofa ya ngapi na chumba kipi. Ujira wake lakini umo ndani ya bei utakayotajiwa, hata kama yeye hatakuomba chochote. Ukitaka bei isiyo na nyongeza hiyo, ingia dukani peke yako na uulize mwenyewe kwa heshima: «Kaka, bei ya mwisho ya hii ni ngapi?» Kisha nyamaza umwache ajibu.

Ulizia pia bei ya jumla. Maduka mengi ya Kariakoo huuza kwa dazeni au kwa katoni kwa bei ambayo hakuna ukurasa wa mtandaoni unaoweza kuifikia, na baadhi yao hukubali kuanzia vipande vitatu au sita. Majirani watatu wakikubaliana kununua kwa pamoja vyombo, mashuka au madaftari ya watoto shule inapokaribia kufunguliwa, kila mmoja hupata bei ambayo asingeipata akiwa peke yake. Njia hii ni ya zamani na bado inashinda programu zote za simu.

Ukiwa mkoani, safu za karatasi yako hubadilika. Unalinganisha bei ya duka la mjini kwenu na bei ya Kariakoo pamoja na nauli ya kifurushi kwa basi. Duka la Songea au Kigoma limeshalipa usafiri huo na limeongeza faida yake, kwa hiyo kwa vitu vidogo vyenye thamani kubwa, kama simu, saa, vipuri vya pikipiki, vipodozi na nguo, kuagiza kwa muuzaji wa Dar es Salaam anayepeleka vifurushi kwenye mabasi kunaweza kuwa nafuu kwa kiasi cha kuonekana. Kwa vitu vizito au vyenye nafasi kubwa, kama magodoro, meza na friji, duka la mjini kwenu mara nyingi litashinda, kwa sababu lori lake limebeba vingi kwa pamoja na wewe unalipia kimoja. Usisahau kwamba friji iliyosafiri chini ya mizigo ya watu ikifika imepinda mlango, mwenye basi atakuelekeza kwa mtumaji, na mtumaji atakuelekeza kwa mwenye basi. Kabla ya kulipa, kubalianeni kwa maandishi ya simu ni nani anayebeba hasara ya njiani.

Hatua ya tano: kuagiza nje ya nchi

Hapa ndipo bei ya skrini inapowadanganya watu wengi zaidi, na sababu yake ni kodi. Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ushuru wa forodha hutozwa kwa kufuata viwango vya pamoja: asilimia 0 kwa malighafi na baadhi ya bidhaa kama kompyuta, asilimia 10 kwa bidhaa za kati, asilimia 25 kwa bidhaa nyingi zilizokamilika, na tangu Julai 2022 asilimia 35 kwa kundi maalumu la bidhaa, miongoni mwake samani na bidhaa za ngozi. Ushuru huo haukokotolewi kwa bei ya bidhaa peke yake. Unakokotolewa kwa bei, bima na usafiri vikiwa pamoja. Baada ya hapo kodi ya ongezeko la thamani hutozwa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe. Kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya. Juu yake zipo tozo ndogo ndogo, kama ile ya maendeleo ya reli, na ada za anayekutolea mzigo.

Mfano: bidhaa ya dola 40, usafiri na bima dola 15, na tuchukulie dola moja ni shilingi 2,600. Thamani ya kutozea ushuru ni shilingi 143,000. Ushuru wa asilimia 25 ni 35,750. Jumla inafika 178,750, na asilimia 18 yake ni 32,175. Kitu ulichokiona kwa shilingi 104,000 kimekwishafikia 210,925 kabla ya tozo ndogo, na kama Kariakoo kinauzwa 180,000, umelipa zaidi na umesubiri wiki kadhaa.

Wafanyabiashara wa Kariakoo hukabiliana na gharama hizo hizo kwa kuzigawa. Mizigo yao inakusanywa Guangzhou au Yiwu, China, na kampuni za usafirishaji zinazotoza kwa kilo ukituma kwa ndege na kwa meta ya ujazo ukituma kwa meli, na kwa mzigo mkubwa gharama ya kila kipande hushuka sana. Mtu binafsi anaweza kutumia kampuni hizo pia, na bei zao kwa kawaida hujumuisha utoaji wa mzigo bandarini. Uliza swali moja kabla ya kukubali: «Bei hii ya kilo ina ushuru ndani au ushuru ni juu yangu?» Jibu lake likiwa na kigugumizi, tafuta kampuni nyingine.

Kuagiza nje kunalipa katika hali chache ambazo ni za kweli: kipuri ambacho hakipo nchini, kitabu cha taaluma, kifaa cha fundi kisichoagizwa na wengi, au bidhaa ndogo nyepesi ambayo hapa inauzwa na muuzaji mmoja tu. Kwa kitu kinachopatikana katika maduka kumi ya mtaa mmoja, sioni faida yake.

Hatua ya sita: pima punguzo kabla ya kulishangilia

Bei iliyokatwa mstari mwekundu, ikifuatwa na nyingine ndogo, haikuambii chochote mpaka ujue bei ya wiki tatu zilizopita. Ukijua utahitaji jokofu mwezi Desemba, anza kupiga picha za skrini tangu Oktoba, ukiandika tarehe. Msimu wa punguzo la Novemba, ambao masoko ya mtandaoni ya Kenya huutangaza kwa nguvu sana, una bidhaa zilizopunguzwa kweli na zingine zilizopandishwa kwanza ndipo zikashushwa, na kumbukumbu yako ndiyo pekee inayoweza kuzitenganisha.

Hatua ya saba: weka bei ya uhalisi, risiti na waranti

Bidhaa feki ikishinda kwa bei haijashinda. Kwa simu, bonyeza *#06# ili namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, itokee, ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo itakurudishia taarifa za modeli. Majibu yakitaja modeli tofauti na iliyo mkononi mwako, mrudishie muuzaji hapo hapo. Tahadhari hii ina historia, kwani Juni 2016 simu feki zilizimwa kwenye mitandao ya Tanzania na walionunua kwa bei rahisi wakabaki na vifaa visivyopiga. Benki za umeme za mfukoni (power bank) na kadi za kumbukumbu nazo hughushiwa sana. Benki ya umeme inayodai uwezo mkubwa huku ni nyepesi kuliko simu yako haina betri inayodaiwa.

Dukani una nafasi ambayo mtandaoni huna, nayo ni kujaribu. Muuzaji wa vifaa vya umeme Kariakoo huwa na soketi mezani. Mwombe achomeke blenda, iwashe kwa kasi zote, sikiliza kama mota inakwaruza, izime, nusa kama kuna harufu ya kuungua, kisha tazama kama jagi limekaa sawa na kifuniko kinabana. Dakika tano hizo zina thamani ya fedha, hasa ukizingatia kwamba risiti nyingi za maduka yetu zimeandikwa «mali ikishauzwa hairudishwi». Msomaji aliyeko Ulaya yuko katika hali iliyo kinyume kabisa, kwa kuwa sheria ya Umoja wa Ulaya inampa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kurudisha bidhaa bila kutoa sababu, na haki hiyo hukosekana mara nyingi kwa anayenunua dukani. Kwetu, ulinzi mkubwa wa mnunuzi ni macho yake mwenyewe kabla fedha haijatoka.

Kuhusu risiti, utakutana na maduka yanayotaja bei mbili, ya risiti na isiyo na risiti. Ile isiyo na risiti ni ndogo kwa sababu kodi haijalipwa, na ukiichukua umepoteza ushahidi wa ununuzi, umepoteza waranti, na umevunja sheria inayomtaka mnunuzi adai risiti ya EFD, ile inayotolewa na mashine ya kielektroniki ya kodi. Linganisha bei za risiti kwa risiti. Muuzaji wa mtandaoni asiyeweza kutoa risiti yoyote anapaswa kuwa chini ya bei ya duka kwa kiasi kinachotosha kufidia hatari hiyo, na kwa friji, televisheni au kompyuta mimi sioni kiasi kinachotosha. Kuhusu waranti, uliza inatolewa na nani. Waranti ya mwakilishi rasmi wa kampuni iliyotengeneza bidhaa ina karakana nyuma yake. Waranti ya mdomo ya muuzaji ina urefu wa maisha ya laini yake ya simu.

Hatua ya nane: lipa na upokee kwa utaratibu

Ukishapiga hesabu na mtandaoni kukashinda, chagua muuzaji anayekubali malipo baada ya kupokea mzigo. Wengi wa Dar es Salaam hukubali kwa wateja wa ndani ya jiji. Kwa mikoani hukataa, na wana sababu yao, kwa hiyo omba angalau video fupi ya bidhaa yenyewe ikiwashwa huku jina lako na tarehe ya siku hiyo vimeandikwa kwenye karatasi kando yake. Asiyekuwa na bidhaa hawezi kutengeneza video hiyo. Lipa kwa lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara, na kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalojitokeza. Likiwa tofauti na la ukurasa, simama na uulize.

Bodaboda akifika, usiruhusu haraka yake iwe yako. Fungua boksi mbele yake, linganisha namba ya modeli na ile uliyotumiwa kwenye picha, chomeka, washa, ndipo ulipe. Akisema hana muda, mpigie muuzaji simu akiwa amesimama hapo. Hifadhi mazungumzo yote, picha ya tangazo, na ujumbe wa muamala wenye namba yake ya kumbukumbu, maana kukitokea ubishi ndivyo utakavyoulizwa na polisi au na Tume ya Ushindani, yaani FCC, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 na yenye jukumu la kumlinda mlaji na kupambana na bidhaa bandia. Ukiwa Kenya, haki zako za mlaji zimewekwa katika Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 na katika sheria ya kuwalinda walaji ya mwaka 2012, na masoko makubwa yana dawati la malalamiko ndani ya programu zao. Anzia hapo kabla muda wa kurudisha bidhaa uliotajwa kwenye agizo lako haujapita, kwa sababu mfumo hufunga dai lenyewe siku hiyo ikifika hata kama muuzaji bado anakuahidi kwenye simu kwamba atabadilisha.